Stoo ya Dawa Isiyo na Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Naanza daftari hili leo kwa sababu nimeonewa, na mtu aliyeonewa anahitaji ushahidi.

Mama Mkuu mpya wa shule kaniita ofisini kabla ya mapumziko. Sikupewa kiti. Akasema amepitia madaftari ya kilimo ya darasa la tano na yanapendeza sana. Nikaanza kutabasamu. Akasema watoto wangu wanachora jembe vizuri kuliko watu waliowahi kulishika. Nikaendelea kutabasamu, maana sikujua pa kuachia. Akasema amemuuliza mtoto mmoja palizi ni nini, na mtoto kajibu ni swali la alama tatu.

Sasa kosa la mtoto liko wapi? Ni kweli ni la alama tatu. Miaka kumi na sita nafundisha kilimo kwa chaki, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejikata kidole.

Amri ndiyo hii. Kuanzia kesho darasa la tano wajifunze kwa mikono, shambani, nyuma ya maktaba. Darasa la sita watalima tuta la pembeni, chini ya mwalimu wa sayansi. Wote wapande maharage. Ijumaa ya tarehe 22 anakuja mkaguzi. Mwalimu ambaye watoto wake wataonyesha wamejifunza kweli, huyo atashika kilimo cha shule nzima. Na ufunguo wa stoo.

Stoo! Mama Mkuu hajui stoo ile ni nini kwangu. Mle ndani kuna kiti changu cha mikono, mto niliofuma na mke wangu (alifuma yeye, mimi nilishika uzi), birika, redio ndogo, na dirisha linaloingiza upepo mwanana kuanzia saa nne. Ni mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu anayeniuliza kitu. Kuna pia majembe kumi na moja ya shule, bado yako ndani ya karatasi za dukani. Nimeyapanga chini ya kiti, upande wenye mguu mfupi. Na mlangoni nimeweka kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: DAWA ZA WADUDU. HATARI. USIINGIE. Dawa yenyewe haipo na haijawahi kuwapo. Ila tangu kibao kiwepo, hata mfagiaji hupita mbali.

Mwalimu wa sayansi anaitaka stoo iwe maabara. Namwita Darubini, kwa sababu ana kioo cha kukuzia mfukoni na hukitoa hata akiletewa chai. Leo nimemkuta anapima ukuta wa stoo kwa hatua. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema ananyoosha miguu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia. Nimeiita Njia ya Kitafiti.

Mama Mkuu kasema watoto wajifunze kwa mikono. Basi mimi mikono yangu haimo katika amri hiyo. Watoto watakuwa watafiti, mimi nitakuwa msimamizi wa utafiti, na msimamizi hukaa mahali penye meza. Asubuhi nimewapanga kwenye tuta, watoto thelathini na wawili. Kaja mtoto na kijiko, mwingine na kijiti, mmoja na kifuniko cha sufuria. Wakauliza majembe. Nikawaambia majembe yako ndani pamoja na dawa, na dawa haina mzaha. Wakapanda kwa vijiko. Nilielekeza kwa kidole, na jua lilikuwa kali sana kwenye kidole.

Ng'ambo ya kamba inayotenganisha matuta, Darubini alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, anapanda mbegu moja moja kwa kutumia rula. Watoto wake wamesimama kwa mstari nje ya tuta. Mmoja alitaka kusogea, Darubini akamwambia asikanyage.

Jumatano, 6 Machi

Nimechora jedwali. Nimelinakili kutoka kitabu cha kilimo, ukurasa wa arobaini na moja, kwa hiyo ni la uhakika. Lina safu tatu: urefu wa shina, idadi ya majani, urefu wa mzizi. Lijazwe kila siku, kila mmea, kisha liletwe dirishani pa stoo nitie saini. Utafiti bila saini si utafiti.

Kazi ya kulijaza nimempa binti mmoja ambaye darasa zima linamwita Katibu. Ana miaka kumi na huandika kila kitu. Mwaka jana aliandika majina ya walimu waliosinzia kwenye mkutano wa wazazi, kwa mpangilio wa nani alianza. Mtu wa namna hiyo ni heri umpe kazi.

Aliuliza kama kweli tunajaza safu zote tatu kila siku. Nikamwambia zote tatu, kila siku, bila visingizio. Akaandika hilo pia.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo ni shwari. Katibu kaleta jedwali dirishani saa nne na nusu, nikiwa na kikombe mkononi. Shina: sifuri. Majani: sifuri. Mzizi: sentimita moja na nusu. Nikafurahi. Maharage hayajatokeza juu na sisi tayari tuna matokeo! Darubini hana hata tokeo moja. Nikatia saini.

Jumatatu, 11 Machi

Yameota. Mstari mzima, vichwa vimeinama kama watoto wanaoogopa kuulizwa swali. Nilikwenda kuyaona mwenyewe, kwa viatu, hadi ukingoni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Sikutegemea.

Halafu nikaona Darubini ananitazama, nikarudi stoo.

Jumatano, 13 Machi

Jioni nilimsimulia mke wangu utafiti unavyokwenda. Yeye ana nyanya kwenye ndoo mbovu tano nyuma ya jiko, na kwa ajili hiyo anajiona mkulima. Nilimwambia watoto wanajaza hata urefu wa mzizi, kila siku, hawajaruka hata mara moja.

Alikuwa anapiga pasi. Akaiinua pasi, akaishikilia hewani. Akaniuliza mtu anajuaje urefu wa mzizi ulio ndani ya udongo.

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akauliza tena, polepole, vile anavyomuuliza mama yake anayesikia kwa shida. Nikamwambia kuna jedwali. Akanitazama sana, kisha akarudi kwenye shati langu na kulipiga pasi kwa nguvu isiyo ya lazima.

Nadhani ana kijicho kwa sababu ya zile nyanya.

Ijumaa, 15 Machi

Balaa. Maharage yangu yananyauka.

Yale ya Darubini yamesimama kama askari wa gwaride, kijani, majani mapana. Yangu yamelala chali. Nimehesabu yaliyo hai, ni kumi na tisa, na saba kati ya hayo nimeyahesabu kwa huruma. Mkaguzi anakuja baada ya wiki moja.

Mtu huyu ananichimba. Haiwezekani udongo mmoja, mbegu moja, maji ya bomba moja, halafu matuta mawili yatofautiane namna hii. Nadhani anamwagia maji ya moto. Au anamwaga chumvi. Asubuhi alinisalimia kwa furaha, na mtu hanisalimii kwa furaha bila sababu.

Nilimdokeza Mama Mkuu kwamba kuna mkono wa mtu. Akauliza mkono wa nani. Nikasema sitaki kumchongea mwenzangu, lakini ana kioo cha kukuzia. Akasema nirudi nikiwa na ushahidi.

Basi ushahidi ataupata. Jumatatu nitakuwa ndani ya stoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimejikausha nyuma ya pazia, na nitamkamata peupe.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemkamata mhalifu. Ni darasa langu.

Nilikuwa dirishani kabla hata mfagiaji hajaanza uwanja. Saa moja kasorobo wakaja, thelathini na wawili, kimya, kwa mstari, kila mmoja na kijiko chake. Wakachuchumaa. Katibu akahesabu moja, mbili, tatu. Wote kwa pamoja wakang'oa maharage.

Chai ilinipalia.

Wakayanyoosha kwenye rula. Wakapima mzizi. Wakamtajia Katibu, akaandika. Halafu wakayarudisha ardhini, wakayafukia, wakayapapasa kidogo kama mtu anavyomlaza mtoto. Kisha wakanawa mikono wakaenda zao darasani.

Nilitoka mbio, nikawaita, nikawauliza ni shetani gani amewatuma. Wakatazamana. Katibu akafungua jedwali kwa utaratibu, akanionyesha saini yangu. Tarehe 7, tarehe 8, tarehe 11, kila siku ya masomo. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba nilisema safu zote tatu, kila siku, bila visingizio. Akafungua ukurasa mwingine, akanionyesha mahali alipoyaandika maneno hayo.

Nikamwambia mwandiko wake umeendelea vizuri.

Jioni mke wangu aliuliza kulikoni. Nikamwambia tumegundua kasoro ndogo kwenye safu ya tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema nimlete huyo binti nyumbani ampe nyanya.

Jumanne, 19 Machi

Nimefuta safu ya tatu. Katibu amesikitika. Alisema wenzake walikuwa wameanza kuona kitu na wangependa kuendelea kidogo. Sikuuliza wameona kitu gani. Mtu ambaye stoo yake inakwenda na maji hana nafasi ya kuuliza maswali.

Yaliyobaki hai ni kumi na moja. Nimekaa kwenye kiti changu kipindi kizima nikiwaza. Mguu mfupi ulikuwa unatikisika. Hata majembe yamenichoka.

Alhamisi, 21 Machi

Nimepata! Na ni rahisi kiasi kwamba nimejionea aibu kuchelewa.

Matuta mawili yana ukubwa mmoja. Kinachosema lipi ni la nani ni vibao viwili vya mbao vilivyochomekwa mwanzoni: DARASA LA TANO na DARASA LA SITA. Mkaguzi hamjui Darubini wala hanijui mimi. Atasoma kibao.

Saa kumi jioni, watoto wameshaondoka, Darubini yuko kwenye kikao cha kamati ya vitabu (mimi ndiye niliyependekeza jina lake, kwa sifa nyingi), nikavibadilisha. Kazi ya dakika mbili. Nilipomaliza nikapangusa mikono, nikagundua hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeshika udongo tangu amri itoke.

Sasa tuta zuri ni la darasa la tano. Kesho Darubini atapiga kelele, na mimi nitasikitika kwa upole. Nitamwambia mkaguzi kwamba mwenzangu amefanya kazi sana na anahitaji kupumzika. Nimenyoosha shati jeupe. Nimefanya mazoezi ya kusikitika mbele ya kioo.

Ijumaa, 22 Machi

Niandike yote, na niandike yalivyokuwa, kwa sababu Katibu naye ameandika.

Mkaguzi alifika saa tatu. Mzee mnene, mpole, na viatu vyeupe. Nilipoviona viatu nilishukuru, nikajua huyu haingii kwenye tope. Nilimpokea mwenyewe. Nikampeleka moja kwa moja kwenye tuta la kijani, Mama Mkuu nyuma yetu, Darubini nyuma ya Mama Mkuu. Nikanyoosha mkono. Nikasema haya ndiyo matunda ya darasa langu la tano, na kwamba sipendi kujisifu.

Mkaguzi akasoma kibao. Akanitazama. Akakisoma tena.

Kiliandikwa DARASA LA SITA.

Baadaye nilielezwa kwamba Katibu alifika mapema, akakuta vibao vimekosewa, akavirudisha, na akaandika kwamba amevirudisha. Wakati huo sikujua. Nilijua tu kwamba jasho linanishuka ndani ya shati lililonyooshwa. Nikasema nimeanza na la jirani ili mgeni aone tofauti. Darubini akasema ahsante. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa ya kwake.

Mkaguzi akawauliza darasa la sita wamepandaje. Wakamtazama Darubini. Akauliza mbegu inaingia kina gani. Mmoja akasema Mwalimu anajua. Akauliza wao walifanya nini. Mwingine, mwenye sauti nyembamba, akasema walisimama vizuri na hawakukanyaga. Darubini alitoa kioo chake, akakirudisha.

Tukaja kwangu. Mimea kumi na moja, na pengo kila mahali. Mkaguzi akauliza kumetokea nini hapa. Nilifungua mdomo kusema wadudu.

Katibu akatangulia. Akasema waliyang'oa, kila siku ya masomo, mara nane.

Nikafumba macho.

Lakini hakuishia hapo. Akasema yaliyong'olewa kwa kuvutwa shina yote yamekufa. Yaliyochotwa kwa kijiko pamoja na bonge la udongo, mengine yako hai. Mwenzake wa kifuniko cha sufuria akasema mzizi una vinywele, na vikikauka hata kwa muda wa kuhesabu mia, mmea haunywi tena, hata ukimwagiwa ndoo. Mwingine akasema yaliyo upande wa kivuli cha tangi la maji yamevumilia zaidi. Mwingine akasema mbegu hushusha mzizi kwanza kabla ya kutoa jani, na yeye ameona kwa macho yake, tarehe 8, sentimita moja na nusu. Wakawa wanasukumana kusema. Mkaguzi akavua viatu vyeupe, akakunja suruali, akaingia kwenye tuta peku. Akachuchumaa. Akawaambia wamwonyeshe. Wakampa kijiko.

Alikaa humo karibu saa nzima. Mama Mkuu alisahau kutazama saa yake.

Mkaguzi akauliza ni nani aliyewaruhusu kufanya hivi. Katibu akasema ni Mwalimu. Akasema mwalimu mwingine angewafokea siku ya kwanza, lakini huyu alitia saini kila siku akawaacha mpaka wakaelewa wenyewe. Alinitazama akisema hivyo, na hakuwa ananikejeli. Alikuwa anaamini. Nilitaka kumsahihisha. Sikumsahihisha. Niliona aibu, na papo hapo nilifurahi sana, na sijawahi kuvihisi vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kilimo kikabaki kwangu. Mama Mkuu alikitangaza palepale.

Na mambo yangeishia hapo, ningekuwa sasa hivi kwenye kiti changu.

Mkaguzi, akipangusa miguu, akauliza kwa nini watoto hodari hivi wanalima kwa vijiko. Wakamjibu majembe yamo stoo pamoja na dawa. Akageuka. Akasoma kibao changu, maneno yote. Uso ukambadilika. Akasema sumu haiwezi kuwekwa hatua kumi kutoka kwa watoto, itolewe leo, mbele yake, aone ni ya aina gani.

Nikasema ufunguo umepotea. Katibu akasema uko mfuko wa shati, Mwalimu, wa kushoto.

Nikafungua. Sikuwa na njia nyingine. Wakaingia mmoja mmoja. Kiti. Mto. Redio. Majembe kumi na moja ndani ya karatasi. Mkaguzi akaligusa birika kwa kiganja. Lilikuwa bado lina uvuguvugu.

Darubini alitoa kioo chake akaukagua mto kwa karibu. Mfumo mzuri, alisema.

Stoo ni ya darasa la tano sasa. Ufunguo anao Katibu, umefungwa na uzi shingoni. Darubini naye hakuipata, na hiyo ndiyo faraja pekee niliyorudi nayo nyumbani. Kiti nilikibeba kichwani mbele ya shule nzima.

Jumatatu, 25 Machi

Nimelima. Mama Mkuu alisimama akanitazama, kwa hiyo nimelima. Watoto walinionyesha pa kushika mpini. Nina malengelenge mawili, moja liko mahali ambapo sikujua mkono unagusa kitu. Tumepanda upya mstari mzima. Nilipofukia mbegu ya mwisho nilijikuta napapasa udongo, kidogo tu.

Imetosha. Mtu wa umri wangu akijifunza kitu kimoja kwa mwaka anatosheka, na mimi nimejifunza hiki: kosa lilikuwa dawa. Dawa mtu anaweza kudai kuiona. Nilipaswa kuchagua kitu ambacho hakuna anayetaka kukikaribia.

Nyuma ya tangi kuna kibanda cha pampu ya zamani. Pampu yenyewe ilishaondolewa. Nimekipima. Kiti kinaingia, magoti pia, nikiyakunja. Jioni nimeandika kibao kipya, herufi kubwa, rangi nyekundu iliyobaki: NYUKI WAKALI. USISOGEE.

Jumatano, 27 Machi

Siku mbili za amani. Hakuna aliyesogea. Birika linakaa vizuri juu ya tofali.

Saa nne hivi nilisikia viatu vya Mama Mkuu vikisimama nje. Nikajikausha. Akasoma kibao kwa sauti. Kisha akaniita, kwa jina la heshima, na sauti iliyojaa furaha. Alisema hakujua kama nimeshaanza kufuga, na kimya kimya vile, bila kujisifu. Alisema mkaguzi atafurahi mno. Kuna mzazi mmoja anarina asali, ataleta mizinga miwili Jumatatu, yenye nyuki ndani, iwekwe hapahapa pamoja na wangu, na darasa la tano wajifunze kwa mikono.

Nilisema ni wazo zuri. Ningesema nini kingine, nikiwa nimekunja magoti?

Nimetafuta kwenye kitabu. Nyuki wana ukurasa mmoja, na nusu yake ni picha.

Mchana Katibu kaja mlangoni, ufunguo shingoni, daftari mkononi. Ameshachora jedwali jipya yeye mwenyewe, lina safu tano, refu kama foleni. Akaniuliza kama zijazwe zote, kila siku, na Mwalimu mwenyewe akiwa mbele. Chai ilikuwa inapoa.

Nimetia saini. Safu zenyewe nitazisoma kesho.